Nipe Mji

Kile kitu, asema Hellevi,
kile chenye meno kisichouma,
na mkono wake umenyooka kuelekea mlangoni.
Ufunguo, asema Saimi bila kuinua kichwa.
Ana miaka tisa, amekuwa hodari.
Kile kinachozama kwenye chai kila siku na hakifi.
Kijiko.
Yule mzee mweupe wa jikoni anayeguna usiku.
Friji, Mama.
Kwetu hapa Lapua, tangu Novemba,
nyumba nzima imegeuka baraza la vitendawili,
na mtegaji ndiye pekee asiyejua majibu.

Daktari alituonyesha madoa meupe kwenye picha ya ubongo,
akayahesabu kwa ncha ya kalamu:
tisa, na kwenye la kumi akasita.
Sklerosisi, alisema. Mwili unatafuna maganda ya neva zake wenyewe,
panya ndani ya ukuta, ameingia kwenye nyaya.
Taa bado zinawaka.
Unabonyeza, unasubiri.

Huyu alikuwa mfamasia miaka kumi na saba.
Alisoma miandiko ya madaktari
ambayo wenyewe walishindwa kuisoma kesho yake.
Februari moja akampa mzee Kauppila
kisanduku kilichokaa jirani na chake rafuni,
rangi ileile, herufi mbili tofauti.
Alimkimbilia hadi kituo cha basi, bila koti, akakinyang'anya.
Kisha akarudi, akatundika funguo za duka
kwenye msumari wa meneja.
Hakuna aliyemfukuza.
Hilo nataka liandikwe.

Dukani wanamwambia, Mbona umenawiri!
Na Marketta wa ng'ambo ya barabara: Hata mimi husahau, ni umri tu.
Hellevi hutabasamu. Jibu analo,
ila humfikia saa kumi jioni akimenya viazi,
basi huviambia viazi.

Hospitalini Seinäjoki sauti ya kinasa ilisoma tarakimu,
moja kila sekunde tatu.
Jumlisha unayosikia na iliyoitangulia.
Si zote. Hii, na ile ya kabla yake tu.
Tatu. Tano: nane.
Mbili: saba.
Tisa.
Nilikaa pembeni nikijumlisha kimoyomoyo,
nikapotea kwenye ya sita, mimi nisiye na doa.
Yeye alinyamaza kwenye ile tisa.
Sauti haikumngoja. Iliendelea kumsomea
mtu aliyekuwa ameshatoka chumbani.
Inatosha, akasema nesi.
Haitoshi, akasema Hellevi. Anza upya.

Joto humzidishia, kwa hiyo Jumamosi tunapunguza kuni za sauna.
Hawezi kuiacha; angeacha kwanza kula.
Hukaa benchi la chini, dakika saba,
hutoka mwekundu, bila neno hata moja,
jina langu likiwemo.
Hunitazama kwa upole,
mgeni aliyepokewa vizuri na wenyeji asiowajua.
Halafu baridi ya uani humrudishia kidogo kidogo:
kwanza taulo,
kisha theluji,
kisha mimi.

Jana usiku alitega kimoja.
Kile, alisema, kinachobaki mezani
watu wakimaliza kuzungumza na hakuna anayeondoka.
Makombo? akauliza Saimi.
Hapana.
Ukimya?
Karibu. Hapana.
Tumeshindwa, nikasema, tunakupa mji.
Tukampa Vaasa. Akatikisa kichwa.
Tukampa Kokkola, na Oulu pamoja na bandari yake;
Saimi akampa Helsinki nzima, tramu na zote.
Aliipokea yote kwa adabu, akaipakata, akafikiri.
Ninalo, akasema.
Msiniambie. Ninalo. Linakuja.

Chai ikapoa.
Saimi akaenda kulala.
Mimi nikaongeza ukuni jikoni,
nimeishiwa miji.